Kumtafutia Makao Paka Mwenye Sukari

Shida ilinianza mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Akaugua kifua, akafa. Mama akafunga mizigo tukarudi kwao Handeni, na shule nikaiachia darasa la tatu. Sikuirudia. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta maneno makubwa humu. Hayamo.

Niliuza kuni. Niliuza maji kwa ndoo, maana Handeni maji ni bidhaa kama sukari. Nikauza mahindi kwa kopo, kisha kwa debe, kisha kwa gunia. Niliolewa, nikaachika, nikaendelea kuuza mahindi. Wanaume wa sokoni walinicheka mwanzoni, baadaye wakawa wanasubiri nitaje bei ndipo na wao wataje. Kilichonitoa ni kwamba sikununua gunia kwa kutazama mdomo wake. Kila muuzaji huweka mahindi mazuri juu. Mimi nilitembea na bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji katikati. Unakichoma ubavuni mwa gunia, kinakuletea punje za ndani. Nachoma katikati, nachoma chini kabisa. Mwenye gunia akianza kukasirika, najua nimefika penye dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje.

Ghala la mahindi halikai bila paka. Nimefuga paka tangu nilipopata ghala la kwanza, lile la udongo. Sikuwafuga kwa mapenzi, niliwafuga kwa kazi, kama mtu anavyoajiri mlinzi. Lakini paka akikufanyia kazi miaka kumi, hata kama wewe ni mtu mkavu kama mimi, unaanza kumwekea pembeni kipande cha samaki. Hao wawili wa mwisho ndio ninaotaka kuwaeleza. Mmoja dume mwekundu, kichwa kikubwa, masikio yamechanwa na ugomvi. Mwingine jike mweupe, mdogo, ambaye tangu utoto ana mafua yasiyoisha. Macho yanatoa machozi, pua inatoa makamasi, anapiga chafya juu ya magunia. Tulikuwa tunamfuta uso kila asubuhi, basi, siku inaendelea.

Dume ndiye aliyenitia kazini. Alianza kunywa maji kupita kiasi. Anakunywa kwenye ndoo, anakunywa kwenye beseni la kuoshea vyombo, anakojoa kila kona. Halafu akakonda, na huku anakula kuliko zamani. Nikamtazama nikasema, huyu ana ugonjwa wangu. Mimi nina sukari miaka mingi. Kiu ile naijua, na kukonda kule nakujua.

Nikamwita bwana mifugo. Akacheka kwanza. Nikamwambia, "Cheka ukimaliza mpime." Akamtoboa sikio, tone la damu akaliweka kwenye kile kipimo changu cha sukari ninachojipimia mwenyewe. Akakitazama, akakipangusa, akarudia. Hakucheka tena.

"Mama, ni kweli. Ana sukari."

"Sasa?"

"Sasa ni sindano kama yako, ila kidogo mno. Asubuhi na jioni, maisha yake yote. Akiweza kula tu. Wengi huwaacha wafe."

"Mimi wamenisubiri nife wameshachoka kusubiri. Nionyeshe pa kumchoma."

Akanionyesha. Unainua ngozi ya shingo kwa vidole viwili, inakuwa kama hema, unaingiza sindano ndani ya hema. Tukawa tunachomwa pamoja, mimi tumboni, yeye shingoni. Sokoni habari ikaenea siku hiyohiyo. Nikipita, wapagazi wanaita, "Shikamoo bibi! Mgonjwa mwenzako anaendeleaje?" Nami nawajibu, "Marahaba. Anaendelea vizuri, ila amenituma niulize nyie kichaa chenu mnakichoma wapi." Basi wanaangua kicheko mpaka gunia linaanguka. Sikuona aibu. Mtu anayelisha watoto wake kwa mahindi yangu hawezi kunipangia nimtibu nani.

Mambo yakaenda hivyo mpaka nyonga yangu ikakataa. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kwa fimbo, nikifika ghalani nakaa kwanza ndipo naongea. Daktari akaniambia nyonga imekwisha, inatakiwa kubadilishwa, na kazi hiyo itafanyika Moshi. Baada ya hapo nikae karibu na hospitali kama nusu mwaka, nijifunze kutembea upya. Binti yangu anaishi Moshi, amepanga vyumba kwa watu. Nikampigia simu.

"Mama, wewe njoo hata leo. Paka hapana."

"Ni wawili tu."

"Mama. Mjukuu wako ana pumu. Na mwenye nyumba hataki hata kuku."

Mtoto akikosa pumzi hakuna paka anayestahili kutajwa.

Watu wakanishauri kila mmoja na lake. Mmoja akasema nimwachie dume palepale ghalani, mwendesha mashine yangu ya kusaga atamchoma. Mwendesha mashine ni mtu mzuri lakini akiona sindano anageuza uso, hata ya kwangu. Mwingine akasema, "Bibi, mpeleke sokoni kwenye mabucha, atajitafutia." Dume wangu bila sindano angeishi kiu ile mpaka imkaushe, na bila mtu wa kumwangalia sindano yenyewe ingemwua. Mimi nimewahi kuanguka jikoni kwa sababu nilijichoma na sikula. Nilitetemeka, nikaona giza, jirani akanitia asali mdomoni ndipo nikarudi. Kwa hiyo nilijua ninachotafuta. Simtafuti mtu anayependa paka. Wanaopenda paka ni wengi. Ninamtafuta mtu ambaye mkono wake hausahau sindano na hauichomi mara mbili.

Binti yangu akanitumia picha kwenye simu. Kuna mahali Korogwe, pale Manundu, wanapokea paka wagonjwa na wazee, unalipia, wanakutunzia. Picha zilikuwa nzuri. Paka wamelala kwenye vitambaa vya rangi, kila mmoja na bakuli lake. Nikasema picha ni mdomo wa gunia. Ngoja niende.

Sikupiga simu kwanza. Nilipanda Fuso la mteja wangu anayepeleka mahindi Korogwe, nikashuka Manundu, nikauliza njia. Geti limepakwa rangi, ubao umeandikwa vizuri, una na picha ya paka wazee. Mwenye mahali alikuwa mwanamume wa makamo, msafi, mcheshi kupita kiasi. Akanishika mkono, akaniita mama yake mzazi mara nyingi kuliko wanangu.

Akaniingiza chumba cha mbele. Paka wapo, wanene, manyoya yanang'aa. Nikamwambia, "Hawa ni wazima. Nataka kumwona aliye mgonjwa kuliko wote."

"Hapa mama, wakishafika kwetu wanapona."

"Mwenye sukari anapona?"

"Wote wanapona."

"Mimi nimemeza dawa na kujichoma tangu binti yangu hajaolewa. Mbona sijapona?"

Akacheka. Nikamwuliza dawa zinakaa wapi. Akanipeleka kwenye friji. Ndani soda, maji, na nusu ya tikiti. Akasema dawa huletwa pale mgonjwa anapokuja nazo. Sawa, inawezekana. Nikamwuliza wanaokufa anawazika wapi.

"Hajafa hata mmoja, mama. Tangu tufungue."

Nikatazama ile picha ya paka wazee ubaoni, nikamtazama yeye. Mahali pa paka wazee na wagonjwa, na hajafa hata mmoja. Kwetu hata mahindi mazima yana punje iliyooza.

Nikamwachia swali la mwisho, lile la chini kabisa ya gunia. "Paka wangu umemchoma sindano. Baada ya muda anaanza kutetemeka, anayumba kama mlevi. Unafanyaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Tunamwongezea sindano nyingine haraka."

Nikamshukuru. Nikamwambia nitarudi. Alinisindikiza mpaka getini akinisisitiza niweke nafasi mapema kwa sababu zinajaa. Ile sindano nyingine ya haraka ingemzika dume wangu kabla sijapandishwa kitanda cha upasuaji. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anauza. Mimi pia nauza, lakini mahindi hayafi ukiyadanganya.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika Korogwe na Fuso linarudi jioni, nikaingia kwa mama mmoja wa chakula, nikaagiza wali na kisamvu. Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Kuna mwanamke yuko Masuguru. Nesi mstaafu. Ana paka wagonjwa nyumba nzima. Ila huyo mama, bibi yangu, ana mdomo!"

"Mdomo gani?"

"Utauona."

Bodaboda akanifikisha. Nyumba ya kawaida, ukuta wa tofali haujapigwa lipu, geti la bati limefungwa kwa ndani. Nikabisha hodi. Sauti ikajibu, "Subiri!" Nikasubiri. Nikabisha tena. "Nimesema subiri! Nina sindano mkononi!" Nikasimama juani na nyonga yangu mbovu, nikiwa mtu ambaye Handeni nzima hainisimamishi mlangoni. Nilikasirika vizuri tu. Nikaona kuondoka, lakini yule bodaboda alikuwa keshakwenda.

Alipofungua, nilimwona mwanamke wa rika langu, mrefu, kanga imefungwa kifuani juu ya gauni, miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu. Hakuniomba radhi.

"Shida?"

"Nimetoka Handeni. Nina paka mwenye sukari."

"Handeni? Mzigua wewe?"

"Mzigua. Kwani wewe nani?"

"Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Mnyamwezi."

Nikaegemea fimbo yangu. "Ndiyo maana! Mtu wa kuja kwa miguu na mzigo kichwani, leo unanisimamisha mimi juani kwenye nchi yetu?"

Na yeye, bila kutabasamu: "Nchi yenu ipi, ile isiyo na maji? Nyie ndoo ya maji mnaifungia kufuli, mvua mnaionyesha watoto kwenye picha. Ingia unywe maji mtani, pengine hujawahi kuyaona mengi hivi."

Hapo niseme kwa wale ambao hawajui. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao walipokuwa wapagazi wanaopita kwetu na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu na huruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua chungu chako jikoni akaondoka nacho. Msibani yeye ndiye anayefanya mzaha wakati wengine wanalia, na yeye huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kaburi. Nilikulia kambi ya mkonge, huko tulitaniana na kila kabila. Kwa hiyo hasira yangu ya getini ikaisha palepale, nikaingia nikiwa na raha.

Na raha hiyo ndiyo iliyonipotosha, kama nitakavyosema.

Nikatumia bambo langu, maswali yaleyale. Nikamwambia nataka kumwona aliye mgonjwa kuliko wote. Akanipeleka kwenye chumba cha nyuma, kuna paka kikongwe, mifupa mitupu, figo zimekwisha. Ananuka kidogo. Akasema, "Huyu ana siku chache. Simpi matumaini, nampa maji." Nikauliza dawa. Friji dogo, ndani hakuna hata chungwa, dawa tupu, na juu yake betri ya gari kwa ajili ya umeme ukikatika. Nikauliza makaburi. Akanionyesha nyuma ya choo, chini ya migomba, vilima vidogo vingi, vingine vimeshaota majani.

"Wengi hivi?"

"Wewe uliniletea wazima nikawaua?"

Nikauliza swali la kutetemeka.

"Asali kwenye ufizi kwanza, maelezo baadaye. Na nani alimchoma kabla hajala? Wewe?"

"Mimi nauliza tu."

"Usiniulize ujinga, mtani."

Moyo wangu ukakaa. Nikamweleza habari ya Moshi na nyonga. Halafu nikamtaja jike mweupe, kwamba ana mafua tangu utoto, hana shida, ni wa kufuta uso tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dume mlete. Jike simtaki."

"Kwa nini humtaki?"

"Simtaki hapa kwangu. Mzigua na mafua yake abaki hukohuko kwenye vumbi."

Nikacheka. Na yeye midomo ilichezacheza. Nikamwambia, "Nitawaleta wote wawili, na wewe utawabeba kichwani, si ndiyo kazi ya kwenu?" Akanijibu, "Mlete huyo jike uone kama hili geti lina bawaba za kufungukia." Nikacheka tena mpaka nyonga ikauma. Nikaondoka Masuguru nikiwa nimeridhika kwamba paka wangu wawili wamepata mahali.

Kosa hilo asiye na mtani hawezi kulifanya. Angekuambia mtu mwingine maneno yale, ungeelewa mara moja kwamba umekataliwa. Lakini mtani akikwambia hapana, masikio yetu yamezoea kusikia ndiyo. Ukweli na mzaha vyote anavitoa kwa sauti ileile, na uso uleule mkavu.

Siku ya kuwapeleka ilipofika, zilikuwa zimebaki siku chache niende Moshi. Nikawatia kwenye matenga mawili ya kuku, dume lake, jike lake, nikaweka gunia la mahindi mazuri kuwa zawadi ya mtani. Dawa nikaitia kwenye chupa ya chai yenye barafu. Fuso likatupeleka mpaka getini Masuguru.

Akafungua. Akainama kwenye tenga la kwanza, akamtoa dume, akampapasa mbavu, akamnusa mdomo, akasema, "Huyu unamlisha nini?"

"Ugali na dagaa."

"Ugali wa mahindi kwa mwenye sukari. Wewe mwenyewe unakula ugali kiasi gani?"

Akampitisha dume ndani. Kisha akatazama tenga la pili. Jike akapiga chafya.

Mtani wangu akarudi nyuma, akalivuta geti akabaki yeye kwenye upenyo. "Nilikwambia huyu usimlete."

Nikacheka. Dereva wa Fuso akacheka. Yeye hakucheka.

"Utani umekwisha, mama," akasema. Aliniita mama, hakuniita mtani, hapo ndipo niliposhtuka. "Nina wazee humu ndani ambao mafua hayo yakiwaingia hawamalizi wiki. Yule uliyemwona nyuma ameshazikwa. Wapo wengine wawili kama yeye. Huyu wako amezoea ugonjwa wake, hautamwua. Utawaua wenzake."

"Mweke chumba cha peke yake."

"Chumba cha peke yake sina. Na mikono ninayo hii hii. Nikimfuta yeye nakwenda kumchoma nani?"

Nikamwonyesha gunia. Nikamwambia ni lako, na jingine linakuja mwezi ujao. Akalitazama lile gunia, akanitazama. "Mahindi ni mazuri. Rudi nayo."

Nikapandisha sauti. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kama humtaki jike basi hata dume mrudishe, sitaki msaada nusunusu, mimi si mtu wa kuchaguliwa mizigo. Akaingia ndani, akarudi na dume mikononi, akaniwekea juu ya mapaja pale nilipokuwa nimekaa, kwenye kiti cha mbele cha Fuso. Akasema, "Keshakula kidogo. Sindano yake jioni. Usimchome barabarani." Akafunga geti.

Dereva akawasha gari. Nikamwambia zima.

Nilikaa pale na dume mapajani, na jike anapiga chafya nyuma. Maisha yangu yote nimenunua kwa watu wanaotaka kuniuzia. Nimezoea kupima mtu anaponisifia. Sijawahi kupimwa mzigo wangu, ukakutwa na dumuzi, ukarudishwa na pesa ikakataliwa. Iliniuma. Lakini nikajiuliza jambo moja tu: huyu mwanamke akimkataa mtani wake mwenye gunia kwa sababu ya vikongwe wawili ambao hata wenyewe hawajui watakufa lini, kesho akija mtu mwingine na gunia kubwa na paka mwenye ugonjwa wa kumwua dume wangu, atafanyaje? Atafunga geti hilihili. Nilikuwa nimemtafuta mtu wa namna hiyo, na sasa nimemkuta nimenuna.

Nikashuka, taratibu, kwa fimbo. Nikabisha.

"Nani?"

"Mzigua."

"Umeishiwa maji?"

"Fungua mlango, mpagazi we. Mchukue dume."

Akafungua. Hakusema nilikwambia, na mimi sikusema samahani. Akanikalisha mpaka jioni ilipofika ili anione nikimchoma, eti ajue mkono niliomzoesha. Nikamchoma mbele yake. Akasema hema langu la ngozi ni dogo, mwingine ataingiza sindano atokee upande wa pili. Akanionyesha lake. Kubwa zaidi, kweli. Tukarudi Handeni na jike na gunia letu.

Jike nikampeleka kwa jirani yangu mjane, anayeuza vitumbua, ambaye hana paka mwingine wala kuku. Nikamwonyesha namna ya kufuta uso kwa maji ya uvuguvugu. Akasema, "Bibi, mimi nimefuta nyuso za watoto sita, huyu ni wa saba." Hilo halikuwa na shida.

Moshi walinipasua, wakaniwekea nyonga ya chuma. Sitaeleza maumivu, kila mtu ana yake. Nitaeleza simu.

Mtani alikuwa anapiga simu kama mtu anayetangaza vifo redioni. "Leo amekataa chakula. Nimempunguzia dawa." Akakata. Siku nyingine: "Ametapika. Nimemwita daktari wa mifugo." Akakata. "Mguu wa nyuma unalegea, ni sukari hiyo, pengine utarudi, pengine hautarudi." Binti yangu akawa anakasirika. "Mama, huyu mwanamke anakutesa! Wenzake wanatuma picha, wanasema paka anacheza. Mwambie atume picha."

"Nani alikwambia nataka picha?"

"Lakini habari zake zote ni mbaya."

"Ndiyo maana nalala."

Binti alidhani dawa za maumivu zimenivuruga. Lakini mtu anayekupigia siku chakula kimekataliwa, ukimya wake nao unaujua. Zikipita siku bila simu, najua mwekundu anakula, anakojoa panapostahili, amelala juani Masuguru na mguu wake mlegevu. Mara moja simu ililia nikahisi ndiyo hiyo. Nikapokea nikiwa nimeshajiandaa.

"Mtani."

"Sema."

"Nyie Wazigua ndio mnaotetemeka hivi au ni huyu wako tu? Ameniangukia. Nimempaka asali. Amerudi. Amening'ata kidole, kwa hiyo amerudi vizuri."

"Ulikosea kipimo?"

"Sikukosea. Alikula, akaenda kutapika nyuma ya pipa nisione, halafu nikamchoma. Kuanzia leo namfungia anapokula mpaka nione kimekaa."

"Angekufa?"

"Angekufa. Ningekupigia hivihivi."

Kuna watu wangeweza kuificha habari hiyo kabisa, paka mwenyewe hasemi.

Niliporuhusiwa kurudi, sikupitia Handeni kwanza. Basi la Moshi linapita Korogwe, nikashuka, nikaenda Masuguru. Alinifungulia mara ya kwanza tu nilipobisha. Dume alikuwa juu ya ukuta mfupi, mnene kiasi, mguu mmoja unakanyaga vibaya. Alinitazama kama anayenifananisha na mtu.

"Nimekuja kumchukua."

"Unaweza kuinama?"

"Kwa nini?"

"Nimekuuliza, unaweza kuinama mpaka chini alipo paka, ukamshika, ukamchoma, ukainuka bila mtu?"

Sikuweza. Daktari mwenyewe alinikataza kuinama kupita kiuno. Nilisema nitaweza. Akaweka kipande cha samaki sakafuni, dume akashuka akaenda kula. "Haya. Sindano yake ya jioni hii hapa. Mchome."

Nikajaribu. Nikafika nusu, nyonga ya chuma ikagoma. Nikabaki nimeshika ukuta.

"Basi haendi," akasema.

"Ni paka wangu!"

"Ni wako. Akifika Handeni ukashindwa kumfikia, ni wa nani?"

Safari hii niliyasikia maneno kama yalivyo, sikuyatafutia mzaha. Nikatazama pale uani. Kulikuwa na meza ya mbao anayokatia mboga. Nikaikokota mpaka kwenye ukuta mfupi, nikaweka kile kipande cha samaki juu ya meza. Dume akarukia ukutani, akatembea juu ya ukuta na mguu wake mbovu, akashukia mezani. Nikasimama wima kama askari, nikainua ngozi, hema kubwa, nikachoma. Sikuinama hata kidogo.

Mtani akatazama. Akasogeza meza kwa goti kuona kama inayumba.

"Na huko ghalani kuna ukuta?"

"Kuna magunia. Nitampangia ngazi ya magunia mpaka kwenye meza ya mizani."

"Akizeeka asiweze kupanda?"

"Nitamrudisha kwako. Na wewe utamzika, ndiyo kazi ya mtani."

Akaingia ndani akatoa tenga. Ugali akaniambia nisimpe tena, nami nipunguze. Dume sijampa tena.

Leo nina nyumba ya tofali ya vyumba vitano Handeni, bati jipya. Nina ghala moja kubwa na mashine moja ya kusaga. Nina tangi la maji, na halina kufuli. Nina shamba la mahindi na mbaazi, na mbuzi kadhaa wanaokaa kwa ndugu. Nina nyonga moja ya chuma. Nina friji dogo, dawa yangu rafu ya juu, ya dume rafu ya chini. Jike mweupe si wangu tena, mjane amekataa kumrudisha na sikumlazimisha. Nina meza ya mizani yenye ngazi ya magunia, na paka dume mmoja mwekundu, mwenye sukari, mguu wa nyuma haufai, yuko hai.